Mikate ya Hiliki Isiyotiwa Marashi

Kitu cha kwanza kutoka nyumbani kwetu baada ya jeneza la Babu kilikuwa harufu. Kabla ya hapo hata kipofu angeijua nyumba yetu ya Mji Mkongwe. Ukipanda ngazi asubuhi unakutana na udi wa Bibi, ukifika ukumbini unakutana na asumini alizozimwaga kwenye sinia, na ikifika Alhamisi alasiri harufu ya mikate ya hiliki inatoka uwani, inapenya mpaka kwenye kichochoro na kuwageuza shingo wapita njia. Babu alipozikwa, Bibi akaingia eda, na vyote hivyo vikazimwa kama taa. Chetezo kikasukumwa chini ya kitanda. Asumini zikaachwa zianguke zenyewe na kuozea kwenye sakafu ya uwani. Mrashi wa fedha, ule wenye shingo ndefu uliokuwa na marashi ya mawaridi, ukaondolewa mezani. Mjane akiwa ndani ya eda hajitii manukato wala hali kitu kilichotiwa manukato mpaka itimie miezi minne na siku kumi, na kwetu ilikuwa ada kwamba nyumba nzima inajizuia pamoja naye. Ilikuwa masika. Kuta zikanywa maji, chokaa ikavimba na kumenyuka, nyumba ikabaki inanuka chokaa mbichi na nguo zisizokauka. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na nilidhani msiba ndivyo unavyonuka.

Nisizunguke, maana kuzunguka kunanichosha mwenyewe. Baba alikuwa ndani. Watu wa siku zile wakisema “fulani yuko ndani” hawaongezi neno, na anayesikia haulizi. Alichukuliwa asubuhi moja kabla hajamaliza chai yake; kosa hatukuambiwa. Kumwona hairuhusiwi, barua haziruhusiwi. Kilichoruhusiwa ni chakula, kila Alhamisi kabla ya magharibi, kwenye mlango mmoja mkubwa wa mbao nje kidogo ya mji. Unampa askari wa mlangoni bakuli lililojaa, anakurudishia la wiki iliyopita. Bakuli tupu ndilo lililokuwa barua ya Baba. Mama akilipokea alipitisha kidole ndani yake kama mtu anayesoma, na akilikuta limekombwa safi, siku hiyo anarudi nyumbani mabega yamenyooka.

Ndani ya bakuli hilo haikukosa mikate ya Bibi. Mikate midogo ya mviringo, kila mmoja unaenea kiganjani: unga wa ngano, tui zito, sukari kidogo, hiliki na mdalasini, chachu aliyoiweka kwenye kopo kutoka unga wa wiki iliyopita, na mwishoni kabisa matone matatu ya marashi. Kabla ya kuoka, Bibi aliubonyeza kila mkate juu kwa vidole vitatu, vikabaki vishimo vitatu. Baba alilishwa mikate hiyo tangu hajaota meno. Kwa hiyo huko alikokuwa, akifunua kitambaa, alikuwa anaipokea nyumba yake nzima. Haya nayafahamu sasa. Wakati ule nilifahamu jambo moja tu, kwamba mikate yote anapelekewa Baba na mie naambulia makombo.

Babu alikufa Jumatatu, ghafla, akitia udhu. Baada ya maziko Mama akanikalisha kwenye ngazi. Mama si mtu wa maneno mengi. Alinikumbusha ami yangu, nduguye Baba, alipofariki, jinsi Baba alivyokaa siku kadhaa hakutia kitu mdomoni mpaka akaanguka msikitini. Na hapo alikuwa mzima, nyumbani kwake, anabembelezwa na watu. Sasa askari wa mlangoni alikuwa ameshatunong’oneza kwamba Baba anakohoa na amekonda. “Akisikia baba yake kafa, hatokula,” Mama akasema. “Na asiyekula mle ndani hatoki. Umenifahamu, Sabra? Kila kitu kiende kama siku zote. Mpaka Mungu amtoe, Babu yu hai.” Nikaitika, “Naam, Mama.” Bi Hidaya, jirani yetu ambaye dirisha lake lilitazamana na letu kiasi cha kupeana kiberiti, akasema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Mama akamjibu kuwa sisi tunakificha kifo chenyewe, kwa hiyo cha kutuumbua kitafutwe kingine.

Tatizo likawa mikate. Ikikosekana bakulini, Baba atajua tu kwamba kuna jambo. Na Bibi hawezi kuigusa, maana ina marashi. Tangu siku ya msiba alikuwa ameketi chumbani kwake juu ya mkeka, kajifunika shuka nyeupe, halii, hasemi ila aulizwe. Mama alikuwa anashona sare kwenye karakana mpaka alasiri, akitoka hapo anakwenda foleni ya unga na sukari, na foleni haina saa ya kuisha. Nikabaki mie, ambaye kazi yangu jikoni ilikuwa kukuna nazi na kunung’unika. Watu walinitania kwamba wazee wangu walinikosea jina, Sabra gani asiye na subira hata ya kungoja chai ipoe. Alhamisi asubuhi Mama alinichukua mpaka uwani. Alikuwa na saumu, sunna aliyoifunga kila Alhamisi kwa kumwombea Baba. Akanionyesha alipouficha mrashi, nyuma ya mtungi wa maji, umeviringwa kwenye kitambaa. “Matone matatu,” akasema, “unga ukishaumuka, kabla hujaukata. Fanyia papa hapa, mbali na bibi yako. Sahau yote, hilo usilisahau.”

Nikarudi kutoka skuli mchana, nikavua viatu, nikaanza bila hata kula. Unga ulikuwa na wadudu, nikauchekecha mara mbili na bado mmoja akanitoroka. Nikakuna nazi, nikakamua tui. Nikatwanga hiliki kwenye kinu kidogo, na ile harufu ilipopanda, ya kwanza tangu jeneza litoke, nikausimamisha mchi nikaona haya, kama mtu aliyecheka matangani. Najua hiliki ni kiungo cha chakula, haina ubaya wowote. Lakini pua haijui fatwa. Nikamsikia Bibi kutoka chumbani, sauti yake imekauka kwa kutotumika.

“Sabra.”

“Naam, Bibi.”

“Tui lipashe kidogo. Liwe vuguvugu kama maji ya kumkoshea mtoto mchanga. Ukilitia la moto utaiua chachu.”

“Nshalitia, Bibi.”

“Lilikuwa vipi?”

“La baridi.”

“Basi leo utangoja zaidi. Unga hauamrishwi.”

Nikaukanda mpaka mikono ikaniuma, nikaufunika, nikangoja kwa namna yangu, yaani kila baada ya muda mfupi nanyanyua kitambaa kutazama. Unga umekaa tu kama jiwe la kusagia. Nilipolalamika kwamba hauumuki, Bibi akasema kutoka kule kule, “Utaumuka vipi na wewe unaufunua kila saa? Hata kuku ukimchungulia hivyo haatamii.” Nilicheka. Nadhani naye alicheka kidogo, sina hakika, kulikuwa na mvua. Ndiyo mara ya mwisho sauti yake kunisikikia ya kawaida kwa muda mrefu sana. Nikaona bora niwashe moto kabisa, ili unga ukiwa tayari nisipoteze wakati. Kila mtu anaijua ile methali ya haraka na baraka, nilikuwa nimeshaichoka kwa kuambiwa mimi. Makaa yenyewe siku hizo yalikuwa adimu, na yale niliyoyawasha ndiyo yote tuliyokuwa nayo.

Unga uliumuka mwishowe, ukaja juu mpaka ukagusa kitambaa, na makaa yalikuwa tayari yanavaa jivu. Nikauchukua mrashi nyuma ya mtungi, nikaufungua. Harufu ikatoka kabla sijauinamisha. Mkono ukanisimama. Chuoni, tulikosoma Kurani, wasichana wakubwa walikuwa wamenitisha kwamba nyumba ya eda ikiingizwa manukato, marehemu anabanwa kaburini. Sijui walilitoa wapi, wala sikuthubutu kumuuliza mwalimu. Nilimwona Babu wangu, mtu aliyekuwa akinibebea karanga kwenye mfuko wa kanzu, anabanwa kwa sababu ya matone matatu yangu. Kwa upande mwingine Mama kasema tia. Nikaenda mpaka kizingitini mwa chumba cha Bibi, mrashi nimeuficha nyuma ya mgongo.

“Bibi, na marashi?”

Alikuwa anavuta tasbihi. Kidole kikasimama juu ya punje. Hakunitazama. “Ningoje, mjukuu wangu,” akasema, polepole. “Ningoje nifikiri.”

Nikasimama pale. Bibi akafumba macho. Leo najua alichokuwa anakipima: mume wake yuko chini ya udongo usiokauka, mwanawe yuko nyuma ya mlango wa mbao, na yeye ndiye anayetakiwa aseme tia au usitie. Wakati ule nilidhani kasinzia. Nikawa nayaona makaa kwa akili yangu, yanakufa moja moja, na Mama anarudi anakuta unga mbichi, na mlango unafungwa magharibi, na Baba anakosa mikate. Nikachoka kungoja. Nikarudi uwani kimya kimya, nikauviringa mrashi kwenye kitambaa chake, nikaurudisha nyuma ya mtungi, nikajiambia hiliki ni nyingi, nani atakayejua. Nikakata unga, nikafanya madonge, nikabonyeza kila moja kwa vidole vyangu vitatu, nikayapanga kwenye sufuria lililopakwa samli, nikafunika kwa bati, nikapalia makaa juu na kuacha mengine chini, ndani ya seredani. Nilipokuwa napuliza moto nikamsikia Bibi ananiita. Mara moja tu, kwa sauti ndogo. Sikuitika. Jambo hilo sijamwambia mtu mpaka leo ninapoliandika.

“We Sabra!” Huyo alikuwa Bi Hidaya, dirishani. “Unaoka mikate au unatuchoma sote?”

“Mikate, Bi Hidaya!”

“Haya. Hiliki nnaisikia. Na ukoko pia nnausikia.” Akacheka peke yake, akafunga dirisha kwa sababu ya moshi.

Ya kwanza iliungua chini. Iliyofuata ikatoka vizuri, rangi ya kahawia, imepasuka kidogo ubavuni, na vile vishimo vitatu vimekaa juu kama macho na mdomo. Niliuvunja mmoja ulioungua nikaula nimesimama, unanichoma ulimi. Wallahi ulikuwa mtamu. Nilijiona mtu mzima. Nilitamani Baba ajue kwamba mie, kwa mkono wangu, ndiye niliyeioka, na papo hapo nikakumbuka kuwa hilo ndilo asilotakiwa kulijua. Furaha ya siku ile iliishia hapo, haikufika hata kwenye mkate wa pili.

Mama aliingia akitweta, buibui limerowa, unga kidogo kwapani. Mafua ya mvua yalikuwa yamemziba pua, na saumu ilimzuia kuonja. Aliitazama tu mikate, akaigusa mmoja mmoja kwa mgongo wa kidole, akaipanga bakulini kando ya wali na samaki aliowapika alfajiri.

“Marashi ulitia?”

“Nimetia.”

Neno lilitoka bila uzito wowote. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ya siku moja.

Tukaenda mbio, mie nimebeba bakuli limefungwa kitambaa, joto lake linanipita mpaka tumboni. Askari wa mlangoni alikuwa kijana wa shamba, mwenye adabu, akimwamkia Mama shikamoo kila mara kabla ya kumpekua. Kazi yake ilikuwa kuidunga kila mkate kwa sindano ndefu ya kushonea magunia, asije mtu akaficha kitu ndani. “Mama, adhabu yenu nyinyi afadhali,” alisema huku anadunga. “Mie nadunga mikate ya watu wiki nzima na kuonja sionji.” Mama akamwambia aonje mmoja. “Thubutu! Mtu wenu anaijua hesabu yake. Ataniapiza.” Mama akacheka, kicheko kidogo cha mlangoni. Askari akaturudishia bakuli la wiki iliyopita. Lilikuwa safi. Mama akapitisha kidole, mabega yakanyooka, na mie nikatembea kando yake nikijiambia kwamba yamepita.

Kesho yake, baada ya sala ya Ijumaa, tukasikia hodi. Nilipofungua sikumtambua mara moja, maana alikuwa amevaa kanzu. Ni yule yule kijana. Mkononi ana furushi, kitambaa chetu.

“Mie sikuja hapa, mama, na wewe hukuniona,” alimwambia Mama. Akampa furushi. “Kala nusu ya mmoja. Ile nusu nyingine akakaa nayo mkononi. Asubuhi akaniita. Kasema hii mtoe sadaka, mumsomee baba yake.”

Mama akaushika mlango. “Nani kamwambia?”

“Hakuna aliyemwambia, hata sisi hatuna habari. Mie ndo nnakuuliza wewe, mama. Ni kweli?”

Mama akalikumbatia furushi. Kijana akasoma Inna lillahi, akainama, akaondoka akiambaa na ukuta. Ndipo kutoka chumbani kikatoka kilio. Bibi, ambaye hakulia siku ya jeneza, hakulia siku ya tatu, hakulia hata nguo za Babu zilipogaiwa, alilia wakati ule, kilio cha mtu aliyekuwa amekizuia kwa mikono miwili mpaka mikono ikachoka. Bi Hidaya akaja mbio, akasimama mlangoni, akasikia habari, akasema la kuvunda halina ubani. Mama hata hakumgeukia. Alikuwa amefungua furushi. Akachukua mkate mmoja, akauma, akatafuna polepole huku ananitazama mie usoni, mpaka akafika pale penye kukosekana kitu. Hakuniuliza. Hakunipiga. Ningeshukuru angenipiga.

Mikate niliibeba mie mwenyewe chuoni alasiri ile. Watoto wakaila kwa vishindo, wakalambana vidole, mmoja akaniuliza kama kwetu kuna mingine. Kisha mwalimu akawaamrisha, wakasoma Fatiha kwa ajili ya Babu, kwa sauti moja ya kuimba, midomo bado ina makombo. Nilisoma nao. Sikuweza kuimaliza.

Mama alikuwa amesema kweli. Alhamisi iliyofuata tulipeleka bakuli, tukarudishiwa lile jingine limejaa vile vile, wali umechacha, samaki hajaguswa. Na Alhamisi ya pili vile vile, na ya tatu, na ya nne. Tulikuwa tunarudi tumebeba chakula cha wiki nzima na hakuna aliyeweza kukila. Ya tano likarudi nusu, na Mama akakaa chini pale pale barabarani, na buibui lake, mbele ya watu. Baba hakufa. Alitoka masika ya pili yake, anatembea kwa kushika kuta, na kikohozi kile hakikumwacha mpaka leo. Hakuna aliyenilaumu. Ila siku moja nikiwa ngazini nilimsikia Mama anamwambia Bi Hidaya kwamba Alhamisi zile nne ndizo zilizomla kifua mumewe. Nikashuka ngazi kwa ncha za vidole, nikatoka nje, nikazunguka mji mpaka Darajani na kurudi.

Wiki aliyotoka, Mama alimwokea mikate ya hiliki. Eda ya Bibi ilikuwa imekwisha zamani, mrashi uko mezani, na Mama hakufanya ubahili na marashi. Baba akaupeleka mkate puani, akaurudisha kwenye sahani. “Siyo huu,” akasema. Mama akamwambia ndiyo wenyewe, tena na marashi umetiwa. “Ndiyo maana,” Baba akasema. Kisha akanitazama. Alikuwa hajanitazama sawasawa tangu arudi. “Siku ile niliona vishimo vidogo, vidole vya mtoto. Nikajua mama hakuoka yeye. Nikasema labda anaumwa. Nikauma, nikakosa marashi. Nikajua nyumba ina eda.” Akakohoa. Hakuhitaji kumalizia. Nyumbani kwetu waume walikuwa wawili, na mmoja wao alikuwa yeye, yu hai, anatafuna.

Tangu siku hiyo kwetu mikate inaokwa bila marashi. Bibi tushamzika, Mungu amrehemu, na alichotaka kuniambia siku ile alipoita sikumuuliza. Nilikuwa na miaka ya kumuuliza na kila siku nikaona kesho. Mie nisiyeweza kungoja chochote, hilo niliweza kuliahirisha. Kuna siku nafikiri nilimfanyia Baba ubaya usiosameheka. Kuna siku nafikiri nilimpa haki yake, maana mtoto anayekula na kushiba hali ya kuwa baba yake yuko kaburini naye hajui, huyo naye kaibiwa kitu. Nataka jibu moja, niliandike kwenye daftari hili, nipige mstari chini yake. Siku nyingine nakaribia kumuuliza Baba, lakini nikimwona anavyoumega ule mkate, kipande kidogo kidogo, maneno yananirudi tumboni.

Sasa nina miaka kumi na tisa, skuli nimemaliza, na Jumamosi nakwenda Makunduchi kufundisha. Foleni ya unga bado ipo, na sasa anayesimama ni mie. Dirisha la Bi Hidaya limepigiwa mbao. Aliondoka na watoto wake, hakuaga, tukaja kujua kwa kutosikia maneno yake. Asumini ya uwani imechanua tena na Mama anaiokota. Ukiingia kwetu leo utasikia udi, utasikia asumini, utadhani nyumba imerudi kama ilivyokuwa. Ikifika Alhamisi ndipo unapofahamu. Kisheria eda ni miezi minne na siku kumi. Hii ya Baba ya kwenye mikate imeshapindukia miaka.

Alhamisi hii, ya mwisho kabla sijaondoka, nilioka mie. Tui nililipasha vuguvugu. Unga ukaumuka bila kuuchungulia. Makaa yakashika. Baba alikuwa ameketi uwani kwenye kigoda chake, shali mabegani, na sijui ushujaa niliupata wapi, nikauchukua mrashi mezani, nikaenda nikasimama mbele yake, safari hii nimeushika hadharani.

“Baba, ntie marashi?”

Akautazama mrashi muda mrefu. Akanyoosha mkono kama anayetaka kuugusa, akaurudisha. “Ningoje,” akasema. “Ningoje nifikiri.”

Nikangoja. Nilisikia makaa yanalia nyuma yangu, kisha hayalii tena. Unga ukapanda mpaka ukakifukuza kitambaa ukingoni mwa bakuli. Muadhini akaadhini alasiri, akamaliza, watu wakapita kichochoroni kwenda msikitini, wakarudi. Sikusogea. Baba alikuwa amefumba macho, lakini sasa namjua mtu anayefikiri na mtu aliyesinzia.

“Bado, mwanangu,” akasema.

Niliporudi kwenye seredani, makaa yalikuwa yamezima. Nikayawasha upya.